Wanaochomoa Betri Kabla ya Kuuliza

Ilikuwa Ijumaa ya Februari, saa tisa alasiri, jua la Dar es Salaam likiwa halina huruma. Foleni ya magari ya kuvukia Kigamboni ilikuwa imefika mbele ya soko la samaki la Feri. Zamu yangu ilipowadia, Corolla yangu ya mwaka 1994 ikaanza kuteremka kuelekea pantoni, na katikati ya mteremko injini ikazima. Haikukohoa wala haikutetemeka. Ilizima kama taa iliyozimwa swichi. Anayeyajua magari anajua kinachofuata: usukani huwa mzito, na breki, ikishakanyagwa mara mbili tatu, huwa ngumu kama jiwe. Mbele yangu alikuwapo mama aliyejitwika ndoo ya samaki, na nyuma yake watoto wawili wa shule. Nilivuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote. Gari likasimama. Yule mama hakugeuka, hakujua.

Vijana wa Feri walilisukuma pembeni huku nikipewa mawaidha na kila aliyepita. Baada ya nusu saa nilipiga stata, nalo likawaka kana kwamba halijawahi kuugua. Ndipo ilipoanza safari iliyonifanya niandike makala haya.

Fundi wa mtaani kwetu alisikiliza nusu ya maelezo yangu, akafungua boneti, akachomoa waya wa betri, akangoja kidogo, akaurudisha. "Tumelisahaulisha, mwalimu," akasema. Kisha akatoa hukumu: pampu ya mafuta. Nikanunua pampu kwa shilingi 70,000. Wiki iliyofuata gari likazima tena palepale Feri. Betri ikachomolewa tena. Safari hii zikalaumiwa plagi na filta, shilingi 65,000. Likazima tena. Betri ikachomolewa mara ya tatu, ikatajwa sensa, shilingi 90,000. Ukijumlisha 75,000 za ufundi, nilikuwa nimetumia shilingi 300,000, na gari lilikuwa na vipuri vipya na ugonjwa wake uleule.

Sisemi haya ili nimdhihaki fundi yule. Nayasema kwa sababu nilipokuwa nikihesabu fedha zangu nilitambua kwamba utaratibu huu naufahamu vizuri mno. Ndio utaratibu tunaoutumia kuiendesha nchi. Jambo likiharibika, tunafuta kumbukumbu, tunabadili kipuri kinachoonekana, tunashangilia pale kinapofanya kazi kwa siku mbili, na linapoharibika tena tunatafuta kipuri kingine. Tumekuwa taifa la wabadilishaji vipuri. Na kasoro inayokuja na kuondoka haiponi kwa kubadili vipuri. Huponywa na mtu mwenye subira ya kuikamata ikiwa ipo.

Mtu huyo nilimpata Gerezani, pembezoni mwa Kariakoo, mtaani ambako vipuri vilivyotumika hupangwa barazani kama mafungu ya nyanya. Ni fundi wa rewaya, kijana asiyefika miaka thelathini. Hakufungua boneti. Aliuliza. Lilizima ghafla au lilikohoa kwanza? Mshale wa mizunguko ya injini ulishuka polepole au ulianguka mara moja? Injini ilikuwa ya moto au baridi? Ulikuwa ukienda au umesimama kwenye foleni? Lilikaa muda gani kabla ya kuwaka? Mengi sikuweza kuyajibu. Akanipa kazi kama ninavyowapa wanafunzi wangu: ninunue daftari, na kila litakapozima niandike saa, hali ya jua, kiasi cha mafuta, umbali niliokwenda na namna lilivyozima. Akanionya pia nisiruhusu mtu yeyote aguse betri.

Baada ya wiki tatu daftari lilikuwa na kumbukumbu tano, na zote tano zilisema neno moja. Gari halikuwahi kuzima asubuhi. Halikuwahi kuzima likiwa kwenye mwendo, upepo ukipita kwenye injini. Lilizima mchana, kwenye foleni ya Feri, baada ya kuunguruma kwa muda mrefu likiwa limesimama. Kila mara lilizima ghafla, na kila mara liliwaka lilipopoa. "Gari linalokosa mafuta," akaniambia, "mara nyingi hulalamika kabla ya kufa. Linalokatika ghafla namna hii, anza kutafuta kwenye umeme."

Hata hapo hakununua kitu. Aliliacha gari liungurume juani saa sita mchana mpaka likazima mbele ya macho yake. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile pana kisanduku kidogo chini ya boneti chenye vitundu vilivyoandikwa herufi. Kwa kipande cha waya aliunganisha kitundu cha +B na cha FP, na pampu ya mafuta ikalia; akabonyeza mpira wa mafuta kwa kidole, akaukuta umekaza. Mafuta yapo. Akachukua plagi ya akiba, akaichomeka kwenye waya mmoja, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Hakuna cheche. Kwa dakika mbili, na kwa waya usiofika shilingi mia tano, pampu yangu ya shilingi 70,000 ilikuwa imeondolewa lawama.

Kisha akaunganisha TE1 na E1, akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi ikapepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara nne. Namba 14: kompyuta ya gari imeamuru cheche ipigwe, lakini haikupokea jibu kwamba imepigwa. Gari hili, msomaji, lilikuwa limeandika ugonjwa wake lenyewe. Huandika hivyo tangu lilipotoka kiwandani. Lakini maandishi hayo hudumu kwa muda ambao betri imeunganishwa. Kila mara yule fundi wa kwanza alipochomoa betri ili "kulisahaulisha", alikuwa akifuta ungamo ambalo hakuna aliyelisoma.

Wapo watakaosema dawa ni mashine ya kupimia, na kwamba siku hizi gari "linakompyutiwa" na mambo yakaisha. Hapana. Namba 14 haisemi badili kipuri fulani. Inasema njia hii ina kasoro, na njia hiyo ina nyaya, viungio, kifaa kinachoamuru cheche ndani ya distributa, na kompyuta yenyewe. Anayesoma namba na kukimbilia dukani anabahatisha kwa kutumia mashine, basi. Kijana wetu alizipima nyaya, akazitikisa, akazikunja, zilikuwa nzima. Siku ya pili, injini ikiwa baridi na ikiunguruma, aliazima mashine ya kukaushia nywele kutoka saluni ya jirani, akaielekeza kwenye distributa. Baada ya dakika chache injini ikazima. Akaiacha ipoe, ikawaka. Akarudia mara tatu, matokeo yakawa yaleyale. Hapo tu ndipo aliponituma nikanunue distributa iliyotumika, shilingi 85,000, ambayo nayo aliijaribu kwa joto lilelile kabla ya kuifunga.

Sasa tutoke Gerezani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliofariki peke yao walizidi 220. Wakala uliokuwa ukikiendesha, TEMESA, ndio huohuo uliokuwa ukituvusha pale Magogoni. Siku chache baadaye mtendaji mkuu wa wakala aliondolewa na bodi ikavunjwa. Sipingi kuwajibishwa kwa wakubwa, asiyewajibishwa hajifunzi. Lakini kuwajibisha ni jambo moja na kubaini chanzo ni jambo jingine, nasi tumezoea kulipokea la kwanza kama malipo ya la pili. Kivuko kilichojazwa kupita kiasi kikafika salama ni sawa na gari lililozima kisha likawaka: kila mtu anashukuru Mungu, hakuna anayeandika. Maswali yenye thamani ni ya siku zilizotangulia ajali. Nani alikuwa akihesabu abiria gatini? Hesabu hiyo iliandikwa wapi? Ilisomwa na nani? Ukimbadili mkurugenzi bila kuyajibu hayo, umefunga pampu mpya.

Nchi yetu nayo ina taa yake ya injini. Ibara ya 143 ya Katiba imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kila mwaka ripoti yake hupepesa mbele ya macho yetu. Tunaifanyia nini? Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyeshika wadhifa huo, kwa sababu alikuwa amesema kwamba kutofanyiwa kazi kwa ripoti zake ni dalili ya udhaifu wa Bunge. Novemba ya mwaka huo nafasi yake ilipewa mtu mwingine, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kuondolewa kule hakukuendana na Katiba. Wapo madereva wanaobandika kipande cha gundi juu ya taa ya injini ili isiwasumbue usiku. Tunawacheka. Lakini dereva huyo angalau hamtuhumu balbu kwamba imemvunjia heshima.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Fundi wa mtaani halipwi kwa kufikiri. Mteja akiambiwa "nimepima tu, sijafunga kitu", atauliza, "Sasa nikulipe nini?" Na mimi, mwalimu wa chuo kikuu ninayelipwa mshahara kwa ajili ya kufikiri, nilimuuliza kijana wa Gerezani swali hilohilo aliponitajia shilingi 30,000 za upimaji. Hakukasirika. Alinijibu, "Mzee, wale waliokufungia vipuri uliwalipa bila kuuliza." Sina utetezi. Sisi wateja ndio tuliomfundisha fundi kwamba kipuri kinalipwa na ukweli haulipwi, kisha tunamlaumu kwa kuuza vipuri. Ndivyo pia tunavyotenga fedha za kununua na kuzindua, lakini tukifika kwenye fungu la matengenezo, vipimo na takwimu tunaona ni pa kubania. Utepe hukatwa mbele ya kamera. Daftari la injini hujazwa na mtu asiyejulikana jina.

Tena, anayelipia ubahatishaji ni yule asiye na akiba. Mimi shilingi 300,000 ziliniuma. Kwa dereva wa teksi mwenye gari kama langu, anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, fedha hizo ni ada ya mtoto.

Na shule je? Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka mtoto awe na akili inayouliza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali sekondari, jambo la heri. Lakini amali itakuwa jina tupu ikiwa mtihani utaendelea kumpa alama aliyetaja kipuri na kumnyima aliyeeleza njia. Nimesahihisha maelfu ya karatasi za namna hiyo, na nakiri kwamba mara nyingi nimelizawadia jibu bila kuitafuta hoja. Sisi wahadhiri tumechomoa betri nyingi.

Kwa hiyo nina madai matatu. Mosi, tukubali kulipia upimaji kama kazi kamili yenye bei yake, gerezani kwa mafundi na serikalini. Pili, kila kivuko, kila mtambo na kila ofisi inayowahudumia watu iwe na daftari la hitilafu, hata zile zilizojirekebisha zenyewe, na daftari hilo likabidhiwe kwa kiongozi mpya kabla hajakabidhiwa kiti. Tatu, anayetangaza kwamba tatizo limekwisha atuonyeshe alivyolifanya lirudi, kisha alivyolizuia lisirudi. Bila hayo, alichofanya ni kungoja lipoe.

Wiki iliyopita nilivuka tena saa tisa, foleni ndefu, jua lilelile. Niliteremka kwenye ule mteremko injini ikiunguruma, mbele yangu kina mama na ndoo zao. Daftari bado liko kwenye dashibodi, na mkono wangu bado hukaa karibu na breki ya mkono.