Tunaondoka saa ngapi?

Mwezi huu naomba tuziweke pembeni kidogo habari za wivu na simu zinazolazwa kifudifudi, maana Desemba inanukia na pale ofisini kwetu nimeshaanza kusikia watu wakibishana na wenzi wao kwenye simu. Ubishi wenyewe ni ule ule wa kila mwaka: “Tunaondoka saa ngapi?”

Kwa anayekaa Dar na ana kausafiri kake, hilo si swali dogo jamani. Ukikosea saa, unaweza kukaa barabarani muda mrefu na Kibaha hujaiona, wakati Moshi bado iko zaidi ya kilomita 500 mbele yako. Ndiyo maana kila mshika usukani ana falsafa yake. Kuna wa “tunatoka Ijumaa moja kwa moja kazini”. Kuna wa “tulale, tutoke alfajiri”. Na kuna kundi la shemeji yenu, wale wa “tutoke saa nane usiku, watu wakiamka sisi tuko Segera”.

Nianze na huyu wa Ijumaa, maana ndiye anayenitia huruma. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa ambayo Posta na Kariakoo yote inarudi nyumbani Kimara, Mbezi na Kibamba. Wewe na mabegi yako, na mtoto aliyeshaanza kuuliza kama tumefika, mnajiunga nao. Ni kweli Barabara ya Morogoro imepanuliwa, na pale Ubungo kuna barabara za juu tangu 2021, lakini Ijumaa ya Desemba haijui hayo. Unakuja kuipata Chalinze usiku, umechoka kama mtu aliyeshafika, kumbe safari ndiyo kwanza inaanza. Mbele kuna giza, malori, pikipiki isiyo na taa, na ng'ombe anayevuka kwa raha zake.

Sasa sikilizeni kitu ambacho wengi hatukifikirii. Foleni ina upande. Asubuhi magari yanaingia mjini, jioni yanatoka. Anayesafiri kwenda mikoani asubuhi anapishana na foleni, haendi nayo. Kwa hiyo mtu wa Kimara au Mbezi anayekurupuka saa nane usiku kuikimbia foleni ya asubuhi anakimbia kitu ambacho hakimfukuzi. Mwenye kazi ni yule wa Mbagala, Gongo la Mboto au Kigamboni, ambaye lazima kwanza alikatize jiji. Huyo ndiye anatakiwa awe ameshaiacha Ubungo nyuma kabla daladala hazijachangamka. Na wewe wa Tegeta au Bunju, unakwenda Ubungo kufanya nini? Shika Barabara ya Bagamoyo, pita Bagamoyo mjini, endelea Kiwangwa kwenye mananasi, utatokea Msata kwa lami tupu. Mlandizi, mizani ya Vigwaza na malori yake, na Chalinze yenyewe, vyote umeviruka. Uliza tu kwanza kama hakuna ujenzi njiani, maana hapa mjini kwetu barabara inaweza kulala nzima ikaamka imechimbwa.

Haya, turudi kwa shemeji yenu.

Mwaka juzi tulikuwa tunakwenda Moshi kula Krismasi kwa wazazi wake. Akatangaza, tena kama anasoma taarifa ya habari: saa nane usiku gari linawashwa. Mimi nikasema sawa. Mwanamke ukisema sawa, hujasema chochote, ila hilo tutaliongea mwezi mwingine. Siku hiyo nilitoka kazini jioni, nikapitia vitenge vya mama mkwe, nikapika cha usiku, nikapanga nguo za watu watatu, nikakaanga maandazi ya njiani, nikatafuta kiatu kimoja cha mtoto mpaka nikakikuta kwenye ndoo. Saa sita usiku ndiyo nakaa kitandani. Yeye naye alilala lini? Alikuwa kwenye simu na kaka zake, wanapanga nani atachangia mbuzi. Tukapata kama saa moja na nusu kila mtu, alamu ikalia.

Kwa upande wa foleni, mpango ulifanikiwa sana. Barabara nyeupe! Tulipita Ubungo, Mbezi, Kibaha kama msafara wa kiongozi. Shemeji yenu akawa anapiga mluzi. Chalinze tukaingia upande wa kulia, Msata hiyo, tukavuka daraja la Wami. Mimi nikasinzia.

Nilichoamshwa nacho ni mlio wa changarawe chini ya tairi. Nilipofumbua macho taa zetu zilikuwa zinamulika majani, si lami. Nikamwita jina lake halisi, lile la ubatizo ambalo silitumii kamwe. Akashtuka, akavuta usukani, gari likayumba huku na huku, likarudi barabarani. Sekunde chache baadaye lori likapita upande wa pili. Lilipita kwa amani tu, upande wake. Ni sisi ndio tungekuwa upande wake.

Hatukusema neno. Tukaenda taratibu mpaka sheli ya kwanza tuliyoikuta pale Mkata, akazima gari. Mtoto nyuma alikuwa bado amelala, mdomo wazi. Shemeji yenu akaweka mikono juu ya usukani akasema, “Tangu Chalinze nilikuwa naona mbili mbili.” Tangu Chalinze! Na mluzi alikuwa anapiga ili asilale, si kwa furaha.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba aliniona nimelala, akanionea huruma. Mimi nami nikasema nilichokuwa nimekimeza tangu jioni: saa nane aliichagua peke yake, lakini usingizi ulioilipia hiyo saa nane ulikuwa wangu na wake. Tukabishana pale kwenye sheli kwa sauti ya chini, kama watu walioko msibani. Halafu tukateremsha viti, tukafunga milango, tukalala mpaka jua likatupiga usoni. Tulifika Moshi karibu jioni. Waliotoka Dar kumi na moja alfajiri walishafika na walishaanza kula. Hapo ndipo unajiuliza, hivi tulimkimbia nani?

Tangu siku hiyo hesabu yetu inaanzia mwisho kurudi mwanzo. Tunaanza na hii: tunataka kufika kabla giza halijaingia. Jua letu halina mchezo, saa moja usiku ni usiku kweli. Njia ya Moshi, ukiheshimu hamsini zile za kwenye vijiji (na utaziheshimu, maana wazee wa tochi wapo), inakula saa tisa mpaka kumi ukijumlisha kusimama. Kwa hiyo ukitoka saa kumi na moja alfajiri, kunakucha ukiwa umeshaanza kuliacha jiji, giza lako ni la saa moja tu, tena la kwenye barabara unayoijua. Chai unaweza kunywa Korogwe au Mombo, ambako mabasi nayo husimama, na milima ya Usambara inaonekana vizuri kwa saa hizo. Ukifika Same mchana hujachelewa. Saa nane mchana au tisa mko Moshi, na mama mkwe hajaanza kupiga simu.

Lakini hiyo saa kumi na moja alfajiri inaanza jana yake. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Mabegi yakae kwenye buti kabla ya chakula cha usiku. Mafuta yajazwe na matairi yapimwe upepo mchana, si alfajiri wakati wa kupiga foleni ya sheli. Chakula cha njiani kinunuliwe, dada yangu, maandazi ya kununua hayajawahi kuua ndoa. Na yule ambaye hafungi mabegi ndiye ambaye hana haki ya kutangaza saa ya kuondoka. Kama mwenzio ana leseni, mgawane usukani, kila baada ya saa mbili hivi mbadilishane, hata kama unaona yeye anaendesha kama bibi harusi.

Kuna watakaosema mbona mabasi yanatembea usiku tangu yaliporuhusiwa tena 2023. Sawa, lakini kwenye basi wewe unalala. Kwenye gari lako aliyeshika usukani ni huyo huyo uliyeshinda naye kazini.

Kurudi nako kuna vituko vyake, ingawa watu hawakupangi kabisa. Ile Jumapili ya mwisho ya likizo kila mtu anarudi, na foleni sasa ndiyo ina upande wako: Kibaha, Mbezi, Kimara, wote mnaingia. Ukisema basi niingie Jumatatu asubuhi, umeungana na wafanyakazi wote wa Kibaha wanaowahi Posta. Sisi siku hizi tunarudi siku moja kabla ya wenzetu. Mwaka jana tulishindwa, tukalala Bagamoyo Jumapili, mtoto akaogelea, mimi nikaomba ruhusa ya Jumatatu. Tukaingia mjini saa nne asubuhi watu wameshakaa ofisini. Gharama ya chumba kimoja ilituuma, siwezi kudanganya.

Wiki iliyopita shemeji yenu alikuja jikoni, akasimama mlangoni, akauliza: “Mama, mwaka huu tutoke saa ngapi?” Nikamwambia aniambie kwanza yeye atafunga mabegi yapi. Ameshachukua la mtoto. Kiatu kimoja hakionekani mpaka sasa.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.