Kiingereza cha Kidato cha Kwanza: Maandalizi ya Januari 2028 Kibondo na Kasulu

Mwanafunzi anayehitimu elimu ya msingi katika Kata ya Murungu, wilayani Kibondo, huingia kidato cha kwanza akiwa na lugha mbili: Kiha cha nyumbani na Kiswahili cha darasani. Ya tatu, Kiingereza, amekuwa akiisoma kama somo mojawapo tu. Anapoingia sekondari, somo hilo hugeuka kuwa lugha ya kufundishia karibu masomo yote. Asiyeimudu hukwama pia katika Biolojia, Fizikia na Jiografia, na athari zake hujitokeza katika Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili.

Suala hili limepata uzito mpya kutokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, inayoweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Wanafunzi walioanza darasa la tatu mwaka 2024 chini ya mtaala ulioboreshwa watahitimu darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watahitimu darasa la saba. Hivyo, Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja.

Makundi hayo hayatakuwa sawa. Katika shule zinazofundisha kwa Kiswahili, ambako somo la Kiingereza lilikuwa likianza darasa la tatu, kundi la darasa la saba litakuwa limelisoma kwa miaka mitano na la darasa la sita kwa miaka minne. Walioanza darasa la kwanza mwaka 2024, ambao mtaala mpya unawapa Kiingereza tangu mwanzo, watafika sekondari mwaka 2030. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya halmashauri hayawezi kuishia kwenye vyumba vya madarasa. Yanahusu pia walimu wa Kiingereza na vitabu vya kutosha.

Ugumu wa lugha yenyewe unaeleweka. Kiha na Kiswahili ni lugha za Kibantu: kitenzi hubeba nafsi na wakati ndani ya neno moja, na kiwakilishi kimoja humtaja mwanamume na mwanamke. Kiingereza hutenganisha yote hayo. Makosa ya mwanafunzi, kwa hiyo, yana mpangilio, na mwalimu anayeufahamu huyarekebisha mapema, hasa katika kozi ya awali ya wiki za mwanzo.

Fasihi nayo ina nafasi yake. Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili wamesoma vitabu vyepesi vya Richard Mabala, kikiwemo Hawa the Bus Driver, chenye mazingira ya Kitanzania. Msomaji anayeyatambua maisha yanayosimuliwa hukisia maana ya neno geni bila kukata tamaa, na msamiati humkaa.

Mzazi asiyejua Kiingereza hana sababu ya kujiweka kando. Anaweza kumtaka mtoto amsimulie kwa Kiha au Kiswahili hadithi aliyoisoma shuleni. Akishindwa kuisimulia, mzazi atajua kuwa hakuielewa, na atakuwa na jambo la kumweleza mwalimu kabla mtihani haujalidhihirisha.