Dozi ya tatu ilimpita asiye na ya kwanza

Agosti 2021 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi tajiri zisitishe kwa muda dozi za nyongeza za chanjo ya Uviko-19, ili chanjo ziwafikie kwanza wale ambao hawajapata hata moja. Nyingi hazikusikia. Novemba mwaka huo wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini wakaitambua aina mpya ya kirusi, Omicron, wakaitangaza bila kuficha, na shukrani waliyopewa ni nchi zao kufungiwa safari za ndege. Mwaka ukaisha Waafrika waliokamilisha chanjo hawajafika asilimia 10. Kirusi hupata nafasi ya kubadilika kila kinapozaliana. Kukiachia bara zima ni kujitafutia aina nyingine mpya.

Sibishani na haki ya mzee. Kinga hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na kwa mwenye umri mkubwa au ugonjwa sugu dozi ya nyongeza ilipunguza hatari ya kulazwa na kufa, hata pale iliposhindwa kuzuia maambukizi. Ninachokataa ni kijana mwenye afya kupewa ya tatu wakati muuguzi wa kijijini hana ya kwanza. Wapo wanaosema Afrika ilipewa ikashindwa kuzitumia, wakitaja dozi zaidi ya milioni moja zilizoharibiwa Abuja Desemba 2021. Lakini zilifika zikiwa zimebakiza muda mfupi mno. Tena kichupa cha AstraZeneca chenye dozi 10, kikishafunguliwa, kililazimika kutumika ndani ya saa 6: muuguzi mwenye watu watatu tu kwenye benchi akifungue, au awarudishe nyumbani?