HATUTAKI MSHAHARA WA KITANDA

Ndugu wafanya kazi wa kompyuta,

Wengi wenu mmepewa karatasi na matajiri wenu mtie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi. Karatasi hiyo ina kurasa tatu, na maneno yake karibu yote ni yale yale ya kondrati ya zamani. Lakini katika ukurasa wa pili mna mstari mmoja mpya. Mstari huo wasema kwamba tangu sasa mshahara wenu "umejumlisha posho ya nyumba". Haikuongezwa hata shilingi moja. Kilichobadilishwa ni jina tu. Twawaomba msitie sahihi kabla ya kusoma maneno yetu haya hata mwisho.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa fedha ni zile zile, mstari mmoja una dhara gani? Dhara lake ni hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamwamuru tajiri ampe mfanya kazi wake nyumba ya kufaa, au ampe fedha za kutosha kupanga nyumba ya kufaa, mbali na mshahara wake. Lakini kifungu hicho hicho kina mlango wa nyuma. Hakimhusu mtu ambaye kondrati yake imekwisha kuchanganya kodi ya nyumba ndani ya mshahara. Basi mwaona sababu ya haraka yao. Leo mwaweza kudai nyumba. Kesho, mkiisha kutia sahihi, tajiri atawaonyesha mkono wenu wenyewe na kusema, "Nilikwisha kuwalipa." Na tena sheria hiyo, katika kifungu cha 10, yasema tajiri akitaka kubadili masharti ya kazi sharti ashauriane na mfanya kazi. Kutupiwa karatasi mezani saa kumi na moja jioni si kushauriana.

Matajiri wana jibu lao, nasi tumelisikia mara nyingi. Husema: "Ninyi vijana wa kompyuta mwakaa kitini, katika jumba zuri la Westlands au Mombasa Road, na mwapata zaidi ya mfagiaji na mlinzi wa mlangoni. Mwataka nini tena?"

Twajibu kwamba mfagiaji na mlinzi nao wanapunjwa. Mwezi wa Novemba 2024 Serikali ilipandisha kima cha chini kwa asilimia 6, na kibarua wa Nairobi akawekewa Sh. 16,113/75 kwa mwezi, na juu yake posho ya nyumba ya asilimia 15, yaani kama Sh. 2,417/-. Mwenye kuijua nyumba ya Sh. 2,417/- katika mji huu, yenye maji, choo na mlango wa kufunga, na atuonyeshe. Hatukubali kupimwa kwa njaa ya jirani yetu. Mtu akizama maji ya shingo, haimfai kuambiwa kwamba mwenzake yamemfika puani.

Sasa tupige hesabu ya mtu wetu mmoja. Tuseme kijana huyu aandikwa Sh. 40,000/- kwa mwezi. Kwa kanuni za mwaka 2025 hukatwa hivi: NSSF Sh. 2,400/-, bima ya afya Sh. 1,100/-, nyumba za Serikali Sh. 600/-, na kodi ya mapato kama Sh. 3,153/-. Mkononi hupata kama Sh. 32,747/-. Chumba kimoja chenye jiko lake, tuseme Pipeline au Zimmerman, Sh. 11,000/-. Maji na tokeni za stima, Sh. 1,500/-. Nauli ya matatu, Sh. 200/- kwa siku kwa siku 26, ni Sh. 5,200/-, na hiyo ni nauli ya siku isiyo na mvua, maana mvua ikinyesha nauli hupanda kabla maji hayajafika mtaroni. Chakula cha mchana cha Sh. 150/-, ni Sh. 3,900/-. Unga, mboga, sukari, mafuta na gesi ya nyumbani, Sh. 7,000/-. Fedha za kumpelekea mama na karo ya ndugu mdogo, Sh. 5,000/-. Jumla ni Sh. 33,600/-. Amepungukiwa na Sh. 853/-, na bado hajanunua sabuni, hajashona kiatu, hajang'oa jino, wala hajazaa mtoto. Upungufu huo huenda akaukopa kwa simu, na mwezi ujao aanze na deni lenye riba. Huu ni mfano wetu tu. Kila msomaji na aandike hesabu yake pembeni mwa ukurasa huu, aone kama yake ni tamu zaidi.

Ndugu, jambo hili si geni. Wazee wetu walilijua sana. Katika siku za ukoloni, Mwafrika mfanya kazi wa Nairobi alihesabiwa kuwa kapera, hata kama ana mke na watoto watano. Alipewa mshahara wa mtu mmoja na nafasi ya kitanda katika nyumba za Eastlands. Mkewe na watoto waliachiwa shamba la nyumbani liwalishe. Maana yake ni kwamba mke aliyeshika jembe kijijini alikuwa akimsaidia tajiri wa mjini kulipa mshahara. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Bwana Carpenter, Kamishna wa Kazi, ilikiri jambo hili waziwazi. Ilisema kwamba kima cha chini kilihesabiwa kwa mahitaji ya mtu asiye na jamaa, ikashauri kifikishwe polepole katika kiasi cha kumtunza mtu na familia yake. Serikali ya kikoloni yenyewe ilikubali hoja hiyo! Leo ni zaidi ya miaka 70, na matajiri wa kompyuta wamemrudisha yule kapera. Hawasemi "nafasi ya kitanda", la. Husema kijana bado hana majukumu, aweza kukaa na wenzake watatu katika chumba kimoja wakigawana kodi. Hicho si kitanda kile kile?

Wengine husema fedha hazipo. Tusome basi yaliyokwisha kuandikwa. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza habari za vijana wa Nairobi waliosoma maneno machafu kabisa na kuyapanga, ili akili bandia ya kampuni ya OpenAI ijifunze kuyakataa. Gazeti lilisema kijana alipata mkononi kama dola 1.32 mpaka dola 2 kwa saa, na kwamba katika mapatano kampuni iliyowaajiri ilikuwa ikilipwa dola 12.50 kwa saa. Kampuni hiyo ilijibu kwamba fedha hizo zilikuwa za gharama zote, si za mishahara peke yake. Twakubali kwamba jumba, umeme na mitambo vina gharama. Lakini mwenye jumba hulipwa kodi yake yote kwa bei ya Nairobi. Stima nayo hulipwa kwa bei ya Nairobi. Kwa nini mtu tu ndiye wa kulipwa kwa bei ya kitanda?

Wako na matajiri wadogo wa hapa hapa Kenya, ambao kweli hubanwa na kampuni za ng'ambo. Hao hatuwachukii. Twawaambia: njooni mezani na vitabu vyenu vya hesabu, mtuonyeshe mnalipwa nini na mnabaki na nini. Mkibanwa ninyi na kubanwa sisi, tutamtafuta pamoja anayebana. Lakini msitukabidhi sisi mzigo gizani.

Tisho la mwisho ni lile la siku zote: "Mkisumbua, kazi itahamishwa." Naam, kazi ya kompyuta huhama upesi. Hata hivyo tazameni yaliyotokea. Tarehe 1 Mei 2023, hapa Nairobi, wafanya kazi zaidi ya 150 wanaosafisha picha na maneno mabaya katika mitandao walipiga kura kuunda chama chao. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kampuni ya Meta yaweza kushtakiwa katika mahakama za Kenya, ingawa yenyewe ilidai haimo nchini. Na sehemu ya kazi hiyo ilipopelekwa Ghana, malalamiko yalizuka huko pia, na mwaka 2025 mawakili wakatangaza kuandaa kesi. Mwenye kuikimbia haki ataikuta mbele yake. Tusiwaone wenzetu wa Accra kuwa wezi wa kazi yetu. Tuwaandikie barua, wajue bei yetu, nasi tujue yao.

Tuna neno pia kwa ndugu zetu waandika programu. Baadhi yenu mwalipwa mara nne au mara tano ya kijana wa hesabu yetu, wengine kwa dola. Mwadhani chama ni cha wadogo. Lakini wangapi kati yenu mmeandikwa kuwa makontrakta, bila likizo, bila siku za ugonjwa, bila akiba ya uzee? Siku kazi ikiisha, hupati hata mkono wa kwaheri. Asubuhi wafungua kompyuta, wakuta neno la siri halikubaliwi. Mwenye nyumba hatakuuliza ulikuwa fundi mkubwa kiasi gani. Atauliza tarehe tano ya mwezi. Nanyi mwajua kuliko sisi kwamba mashine tunazozifundisha sasa zaanza kuandika programu pia. Njooni tungali pamoja.

Haya ndiyo tunayoyadai:

1. Mshahara na posho ya nyumba viandikwe mbali mbali katika kila kondrati, na posho itoshe kodi ya nyumba ya mtu na jamaa yake, si ya kitanda.

2. Mshahara utazamwe upya kila mwaka kwa kufuata bei za vitu zinazotangazwa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

3. Wafanya kazi wa zamu ya usiku, wanaoamka wakati Marekani inapoamka, wapewe gari la kuwafikisha mlangoni.

4. Kondrati za mwezi mmoja mmoja zikomeshwe mahali ambapo kazi ni ile ile mwaka mzima.

5. Chama kitambuliwe, na neno lolote juu ya mshahara lipitie mezani, si chini ya mlango.

Hili la tano ndilo mama wa yote. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 54, yasema chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kuingia chamani, tajiri lazima akitambue. Haisemi akipenda. Zaidi ya nusu, basi. Katiba nayo, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, ya kuingia katika chama, na ya kugoma. Haki hizo ziko katika kitabu. Kuzitoa kitabuni na kuzileta jikoni ni kazi yetu, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hivi, ndugu, mbele yenu mna karatasi mbili. Moja ni ya tajiri, ya kurasa tatu, yenye ule mstari mmoja. Ya pili ni fomu ya chama, nusu ukurasa, mtaikuta kwa mwakilishi wenu wa kila zamu. Ya tajiri ileteni katika mkutano wa Jumamosi, saa nane mchana, mahali petu pa kawaida, tuisome pamoja neno kwa neno. Anayetishwa kwa kutotia sahihi asibaki na hofu peke yake. Atupe habari siku hiyo hiyo. Ya chama msingoje Jumamosi.

Halmashauri ya Tawi,
Nairobi