Kabla ya Kuipandisha Bahari hadi Kisii

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyamira iko juu zaidi. Ukitaka kufika ufuo wa Mombasa kwa barabara, una safari ya karibu kilomita 800. Umbali huo haumzuii mtu mwenye simu kutazama video za tangi la kioo lenye matumbawe ya zambarau na samaki wa rangi ya chungwa, kisha akatamani kuwa nalo sebuleni Nyanchwa, kwenye mapokezi ya hoteli mjini au katika maabara ya shule kule Keroka. Kutamani si kosa. Lakini Gusii si mahali pa kufugia matumbawe. Anayetaka tangi lenye uhai huku milimani alijaze maji matamu, afuge samaki wa Ziwa Victoria.

Tuanze na kazi yenyewe. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, hivyo tangi la lita 100 linahitaji kilo tatu na nusu za chumvi. Ile ya jikoni haifai, kwa kuwa matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalisi na hutegemea madini mengine ambayo pakiti ya dukani haina. Itabidi kununua chumvi maalumu na kuikoroga katika maji yaliyochujwa hadi yakabaki matupu. Baada ya hapo ni kungoja wiki nne hadi sita, ili bakteria wazaane na waweze kugeuza amonia inayotokana na uchafu wa samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Mwenye pupa akitia samaki siku ya kwanza, amonia humuua samaki huyo kabla ya mwezi kuisha.

Hata tangi likishatulia, mtego mwingine hujificha mahali pasipotazamiwa. Maji hupungua kila siku kwa kugeuka mvuke, lakini chumvi haiondoki nayo. Tangi la lita 100 likipoteza lita nne, kila lita iliyobaki ina zaidi ya gramu 36 za chumvi. Mfugaji mgeni huona maji yamepungua, akaongeza maji ya chumvi, na kwa kufanya hivyo huzidisha ukali wake. Kinachotakiwa kuongezwa ni maji matamu, tena kidogo kidogo na kila siku. Akisafiri wiki moja kwenda arusini Nairobi bila kumwachia mtu kazi hiyo, atarudi akute matumbawe yamejikunja na kuanza kufa.

Mwinuko nao una hesabu yake. Hewa ya Kisii ina shinikizo pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa, na maji nayo hushika oksijeni pungufu kwa kiasi hicho hicho. Maji ya chumvi tayari hushika oksijeni kidogo kuliko maji matamu. Matumbawe hupenda joto la nyuzi 24 hadi 27, ilhali usiku wa Nyamira ni wa kujifunika blanketi mbili. Kwa hiyo kipasha joto hufanya kazi usiku kucha, pampu za kuzungusha maji hazizimwi, na taa kali huwaka saa nyingi mchana kwa ajili ya mwani mdogo unaoishi ndani ya matumbawe na kuyalisha. Stima ikipotea kuanzia jioni hadi asubuhi, hasara inaweza kuwa tangi zima.

Na hapo samaki hajanunuliwa bado.

Wapiga mbizi wa pwani ya Kenya wamekuwa wakikamata samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa, na wengi wa samaki hao husafirishwa kwenda Ulaya, Marekani na Asia. Biashara hiyo ina leseni na huwapa watu riziki, ila ina historia. Wakazi wa Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, walipounda chama chao cha uhifadhi mwaka 2003, miongoni mwa malalamiko yao ulikuwa ukusanyaji holela wa samaki na matumbawe kwa ajili ya matangi. Miaka miwili baadaye walitenga sehemu ya bahari yao na kupiga marufuku uvuvi humo. Matumbawe yenyewe yalikwisha kuumia: joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha, na sehemu nyingi za pwani yetu zikapoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tena kwamba matumbawe yanapauka duniani kote. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, maana yake hayavuki mpaka wa nchi bila kibali.

Watetezi wa tangi la chumvi wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba yule samaki mdogo wa chungwa aliyepata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 huzalishwa vizuri kwenye matangi, na matumbawe mengi huoteshwa kutokana na vipande vidogo bila kuigusa bahari. Ya pili ni kwamba mtoto wa Nyansiongo ambaye hajawahi kuona bahari atajifunza mengi kutoka katika tangi hilo. Hoja zote mbili ni za kweli. Mwenye uwezo, subira na jenereta, akanunua viumbe waliozalishwa tangini pekee, hamkosei mtu. Ila shule haina bajeti hiyo, na somo linalofia mikononi mwa wanafunzi muhula wa kwanza halifundishi uhifadhi.

Somo bora liko mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa matatu, upande wa Homa Bay. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, samaki wadogo ambao madume wao hung'aa kwa nyekundu, buluu na manjano, rangi zisizoona haya mbele ya zile za baharini. Mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka kupita kiasi miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Baadhi ya furu zimesalia hai kwa sababu makumbusho, bustani za wanyama na wafugaji wa Ulaya na Marekani waliziweka katika matangi. Ngege wa asili, aina ya tilapia, naye amebanwa, akabaki katika maziwa madogo kama Kanyaboli kule Siaya. Hapa tangi linaweza kuwa msaada kwa kiumbe kilicho hatarini.

Furu ana jambo la kumkalisha mwanafunzi mbele ya kioo. Jike akishataga huyabeba mayai kinywani kwa takriban wiki mbili hadi tatu, koo limevimba, bila kula kitu. Vifaranga hutoka wakaogelea karibu naye, na hatari ikitokea hurudi mbio kinywani mwa mama. Hayo yote hutokea katika maji matamu yenye kipasha joto cha kawaida na pampu ndogo ya hewa.

Utaalamu nao upo nyumbani. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina kituo cha ufugaji wa samaki Kegati, kaunti ya Kisii. Mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009 ulichimba mabwawa 200 katika kila eneobunge kati ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa, na wakulima wa Gusii walikuwemo. Mabwawa mengi nchini yaliachwa baadaye yakaota nyasi kwa kukosa chakula cha samaki na ufuatiliaji, lakini wapo waliojifunza kulea vifaranga na wanaweza kuwafunza wengine.

Tahadhari moja haina mjadala: samaki au mmea wa tangini usimwagwe mtoni. Gugumaji lililosumbua wavuvi wa Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 lilisambazwa duniani kama ua la mapambo. Mito Gucha na Sondu huishia ziwani humo humo, hivyo kosa la Ogembo humfikia mvuvi wa Karungu.

Idara za uvuvi za kaunti za Kisii na Nyamira zishirikiane na kituo cha Kegati kuziwezesha shule chache kupata furu kwa kibali, pamoja na mtu wa kuzitembelea kila mwezi. Mwenye hoteli anayetaka kuwapendezesha wageni naye aanzie hapo, na pesa zinazobaki awapeleke watoto Watamu wakayaone matumbawe yakiwa baharini.