Pomboo na Taa Zetu Mbovu



Gongo la Mboto hakuna bahari. Kwa hiyo nikitaja pomboo darasani, watu hucheka. Husema hayo ni mambo ya watalii wa Kizimkazi. Mimi nasema ni mambo yetu pia.

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu. Unapita Ulongoni, unashuka mpaka baharini penye daraja la Selander. Unachotupa bondeni, mvua za masika hukipeleka huko.

Sasa tazama takataka zetu. Zile taa ndefu nyeupe za dukani zina zebaki ndani. Vipimajoto vya zamani vya kioo vina zebaki. Baadhi ya mikorogo ya kung'arisha ngozi ina zebaki, ingawa Serikali imekwisha kuikataza.

Zebaki haiozi. Katika matope, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Sumu hiyo huingia katika samaki wadogo. Samaki wakubwa huwala wadogo. Pomboo naye hula samaki kila siku, mwaka hata mwaka, na sumu huzidi mwilini mwake.

Pomboo si samaki. Huvuta hewa, huzaa na hunyonyesha, kama sisi. Damu yake ina chembe nyeupe, ndizo askari wa kupigana na maradhi. Zebaki huwadhoofisha askari hao. Mwaka 2001 wataalamu walieleza habari za jamaa wadogo wa pomboo waliokufa katika pwani ya Uingereza. Waliokufa kwa maradhi ya kuambukiza walikuwa na zebaki nyingi zaidi katika maini kuliko waliokufa kwa ajali. Jambo hilo peke yake si ushahidi kamili, lakini linanitia hofu.

Nawe unakula samaki. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Paka waliokula samaki walipagawa, wakafa. Mwaka 1956 ugonjwa huo ukatambuliwa kwa watu.

Utasema wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Geita, hutumia zebaki nyingi kuliko sisi. Ni kweli. Lakini taa iliyotupwa Ulongoni haikutoka Geita.

Mimi naona kila mtaa uwe na pipa la taa mbovu, lenye kifuniko, na tumdai mwenyekiti mkutanoni. Zamani hata mimi nilizitupa bondeni. Sasa nazifunga kwa magazeti zikiwa nzima, nazihifadhi. Taa ikivunjika ndani, watoe watoto, fungua madirisha, usifagie. Zoa vipande kwa karatasi ngumu, uvitie katika kopo lenye kifuniko.