Mkonge Wetu Usiishie Kwenye Kamba

Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, hapa hapa Pangani. Kutokana na miche hiyo michache nchi yetu ilifikia kuzalisha kiasi cha tani 230,000 mwaka 1964.

Kisha soko likaanguka. Viwanda vya ng'ambo vilibuni kamba za plastiki, zikawa rahisi kuliko zetu. Badiliko hilo lilitayarishwa katika maabara ambazo hatukuwa na mtu ndani yake; sisi tulipata habari kwa kuteremka kwa bei. Usimamizi dhaifu wa mashamba ukazidisha hasara. Korona zikanyamaza, mashamba yakageuka pori, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama tani 20,000.

Tunayakumbusha haya kwa kuwa badiliko jingine linapita juu ya vichwa vyetu. Ndege ya Boeing 787, ambayo Shirika letu la Ndege lilipokea ya kwanza mwaka 2018, karibu nusu ya uzito wake si madini, bali ni nyuzi, hasa za kaboni, zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Airbus A350, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2015, imekwishavuka nusu hiyo. Sababu yake ni wazi. Kila kilo inayopungua ni mafuta yaliyookolewa. Na nyuzi hizo huwezesha kuundwa bawa refu na jembamba, lisiloshindana na upepo. Nahodha yeyote wa Pangani anajua kuwa chombo chepesi chenye tanga lililokatwa vyema hukiacha nyuma chombo kizito. Ndiyo maana soko la vipande vyepesi linapanuka, na viwanda vya magari navyo vimelifuata.

Hatusemi kwamba mkonge utajenga mbawa. Singa zake hazina nguvu za kaboni, hunywa maji, tena hushika moto. Lakini ni nyepesi kuliko nyuzi za kioo, na nyuzi za mimea zimekwishaingia katika milango ya magari ya Ulaya. Hata katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walijaribu kuunda kiwiliwili cha ndege ya Spitfire kwa nyuzi za kitani na gundi, wakihofia upungufu wa alumini. Basi mmea si mgeni katika uundaji wa ndege.

Mlango ulio karibu nasi ni vibao vya ndani: vya magari kwanza, vya ndege baadaye. Mlango huo haufunguliwi kwa wingi wa tani. Hufunguliwa kwa vipimo: vya nguvu, vya unyevu na vya moto. Mali bila daftari huisha bila habari, na singa bila cheti cha vipimo huuzwa kwa bei ya kamba.

Kwa hiyo tunaitaka Serikali na Bodi ya Mkonge, zinapohesabu hekta mpya, zihesabu pia wahandisi. Kituo cha Utafiti cha Mlingano kiunganishwe na vyuo vyetu vya uhandisi, kipewe mitambo ya kupimia, na vijana wa Pangani, Muheza na Korogwe wasomeshwe kazi hiyo. Mkulima ametoa jasho lake tangu Kikogwe. Ni haki yake kwamba safari hii habari za soko zimfikie kabla ya bei kuanguka.